Safari ya Mathura na Ba: usiku wa kuzaliwa Krishna

Jumatano, 13 Agosti 2025: Delhi hadi Mathura

Treni ya kutoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin imetuchukua kama saa mbili kufika Mathura. Mvua za monsuni zimekolea. Mashamba ya kando ya reli yamegeuka madimbwi, na kila tuliposimama walipanda watu wenye vifurushi vichwani, wote wakielekea tunakoelekea sisi. Jumamosi ni Janmashtami, siku ya nane ya nusu ya giza ya mwezi wa Bhadrapada. Wahindu wanaamini kwamba usiku wa siku hiyo, saa sita kamili, katika mji huu wa Mathura, ndipo alipozaliwa Krishna, Mungu wanayemwabudu.

Ninayesafiri naye ni jirani yetu wa Tanga, bibi wa Kigujarati ambaye mtaa mzima tunamwita Ba, kama wanavyomwita wanawe. Amezaliwa Tanga, na Kiswahili chake ni kile kile cha barazani kwetu. Watoto wote wako Leicester, Uingereza. Tangu mumewe afariki amekuwa akisema kwamba kabla macho yake hayajafumba lazima afike Mathura na Gokul, kijiji alikolelewa Krishna, siku za Janmashtami. Goti linamsumbua, hawezi kusafiri peke yake, na mimi ndiye niliyepatikana.

Niseme mapema, msomaji ajue maneno haya ni ya nani. Mimi ni Mwislamu. Imani yangu inasimama juu ya kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, na sikuja Mathura kulibadilisha hilo, wala Ba hajawahi kuniomba nilibadilishe. Nimekuja kwa sababu nampenda bibi huyu. Na nimekuja kwa sababu nilikua nikiona nyumbani kwake ibada ambayo sikuielewa, nikawa na hamu ya kuielewa pale pale inapotoka.

Njia nzima alikuwa amepakata kikapu kilichofunikwa kitambaa cha hariri. Ndani yumo Lalji, yaani Krishna mchanga, wa shaba ya manjano, mdogo wa kuenea kiganjani: anatambaa, mkono mmoja umeshika donge la siagi. Upepo wa mvua ulipoanza kupenya dirishani, Ba aliuvuta ule ushungi wa kikapu ukafunika vizuri. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu alisogeza begi lake bila kuambiwa, kikapu kipate nafasi ya kutulia.

Alhamisi, 14 Agosti: Vrindavan

Vrindavan haiko mbali na Mathura, ni kilomita 10 na ushei kwenda kaskazini kwa bajaji ya umeme. Hapa ndipo Krishna alipochunga ng'ombe na kupiga filimbi. Watu hawasalimiani kwa namaste, wanasalimiana "Radhe Radhe", kwa jina la Radha, mpenzi wake. Dereva alimwambia Ba avue miwani aifiche, kwa sababu kima wa mji huu huinyakua usoni kwa mtu na hawairudishi mpaka wapewe chakula.

Tulipita hekalu la Govind Dev, jengo kubwa la mawe mekundu lililokamilika mwaka 1590 kwa amri ya Raja Man Singh, jemadari wa Akbar, mfalme wa Kimughali. Ghorofa zake za juu hazipo tena. Tulipita pia lile hekalu la Krishna na kaka yake Balaram lililofunguliwa 1975, ambalo Wazungu wengi hulijia. Sikukaa sana huko. Nililotaka kuliona ni Banke Bihari.

Vichochoro vya kwenda Banke Bihari ni vyembamba, watu wanakwenda bega kwa bega, na Ba alinishika mkono kwa nguvu. Ndani, mbele ya Krishna, kuna pazia. Mhudumu hulifungua, umati ukapaza sauti, na baada ya muda mfupi hulifunga tena. Hulifungua, hulifunga. Waumini wanasema macho ya Bihari yana mvuto, kwamba mtu akimkodolea bila kukatizwa moyo wake utatekwa asijiweze, au Bihari mwenyewe atavutwa na upendo wa mtu huyo amfuate nyumbani kwake.

Kitu kingine kilinigusa zaidi. Katika hekalu hili hawapigi kengele wala hawapulizi kome la baharini, ambalo katika mahekalu mengine ndilo baragumu la ibada. Wala hawana ile ibada ya taa ya alfajiri ambayo mahekalu mengine huifanya kila siku. Wanasema Krishna huchelewa kulala, kwa hiyo aachwe apumzike. Ibada ya alfajiri hapa ni mara moja tu kwa mwaka, usiku wa Janmashtami.

Nilimwuliza Ba kuhusu kengele. "Mwanangu, ukienda kwenye nyumba yenye mtoto mchanga unapiga kelele mlangoni?" akasema. "Si unabisha pole pole?"

Usiku, tulipokuwa tumekaa kwenye veranda ya dharamshala yetu Mathura, nyumba ya kufikia mahujaji, alinifafanulia. Mtu anaweza kumwendea Mungu kama mtumishi anavyomwendea bwana wake: anatii, anaogopa. Anaweza kumwendea kama rafiki, au kama mpenzi, kwa mfano wa Radha. Na anaweza kumwendea kama mzazi anavyomwendea mtoto. Njia hiyo wanaiita vatsalya. Ba ni mfuasi wa Pushtimarg, njia iliyoanzishwa na Vallabhacharya, aliyeishi kati ya 1479 na 1531, na ambayo Wagujarati wengi waliovuka bahari kuja pwani yetu walikuja nayo. Ibada yao kubwa ni kumhudumia Krishna mchanga: kumwamsha, kumwogesha, kumvalisha, kumlisha, kumpumzisha mchana, kumlaza usiku. Katika mahekalu yao pazia hufunguliwa mara nane kwa siku, kwa kufuata ratiba ya mtoto.

Hapo mengi ya utotoni yakanikaa sawa. Nikamkumbuka Ba wa Tanga akikataa kutoka barazani asubuhi mpaka Lalji ale. Msimu wa kaskazi, joto likizidi, anampepea. Kipupwe kikiingia, anamvika kijisweta cha sufi alichokifuma mwenyewe. Sisi watoto tulifikiri anacheza. Hakuwa akicheza. Mimi nimelelewa kumnyanyulia Mungu mikono na kuomba, na naendelea hivyo. Lakini nimemwona leo kwa macho ya utu uzima mtu ambaye mbele ya Mungu wake haombi, kwa sababu mtoto mchanga haombwi kitu. Anapewa.

Ijumaa, 15 Agosti: Mathura

Leo ni siku ya uhuru wa India. Bendera za taifa zimechomekwa kwenye bajaji pamoja na manyoya ya tausi, kwa kuwa unyoya wa tausi ndio pambo la kichwa cha Krishna, na wauzaji wa barabarani wanauza vyote viwili kwenye kapu moja.

Ba alitaka nguo mpya ya Lalji kwa ajili ya kesho. Bazari nzima ni nguo hizo, ndogo ndogo, zimetundikwa kwa mamia: za manjano, waridi, buluu, zenye nyuzi za dhahabu na vioo. Zinauzwa kwa namba kama viatu. Ba alikuwa na kipimo cha uzi ndani ya pochi, lakini hakuridhika na za kutundikwa. Akaulizia wanakoshona wenyewe, tukaelekezwa kwenye kichochoro nyuma ya soko.

Kiwandani tulikuta kitambaa cha manjano kimewambwa kwenye fremu ya mbao ndefu, na wanaume wanne wameketi chini kuizunguka. Fundi mkuu alikuwa anatumia sindano yenye ndoano nchani. Mkono wa kulia uko juu ya kitambaa, wa kushoto chini hauonekani, unailisha sindano uzi. Kila ndoano inapozama inaibuka na kitanzi, na ndani ya kitanzi keshaingiza kipande cha waya wa dhahabu. Ua lote, lenye petali tano, lilimalizika nikiwa sijanywa nusu ya chai. Kofia ya fundi ilikuwa kama yangu. Nikamwambia "Assalamu alaykum", akainua uso akaitikia, kisha akanisogezea kigoda.

Si jambo la ajabu hapa. Mafundi wengi wanaoshona mavazi ya Krishna, Mathura na Vrindavan, ni Waislamu, na kazi hiyo wamerithi kwa baba zao. Ba alitafsiri. Fundi alisema babu yake alishona, baba yake alishona, na msimu wa Janmashtami ndio unaolisha nyumba yake. Akasema pia kwamba nguo ya mtoto haishonwi na mtu mwenye hasira. Akigombana na mtu, anaacha sindano mpaka atulie. Ba alisikia hilo, akanyamaza, kisha akafunua kikapu. Fundi akanawa mikono kabla ya kuchukua kipimo.

Saa ya Ijumaa ilipofika alinichukua tukaswali pamoja katika Jama Masjid ya Mathura, iliyojengwa mwaka 1661, katikati kabisa ya soko. Minara yake minne mirefu inaonekana juu ya maduka ya peda, peremende ya maziwa yaliyochemshwa mpaka yakakauka, ambayo mji huu unasifika kwayo. Niliporudi nilimkuta Ba ameketi na mke wa fundi wanakunywa chai, wanazungumzia magoti.

Jioni tulishuka Vishram Ghat, ngazi za mto Yamuna ambako inasemwa Krishna alipumzika baada ya kumuua Kansa, mjomba wake mdhalimu. Mto umejaa, maji ya kahawia yanakwenda kasi, ngazi za chini zimezama. Makuhani walizungusha taa kubwa za moto kuuelekea mto, na watu wakaacha vijibakuli vya majani vyenye utambi na maua vielee. Ba hakuweza kufika majini, kwa hiyo nilimwekea chake mimi, yeye akiwa juu ananielekeza nisubiri wimbi lipite.

Jumamosi, 16 Agosti: Mathura, siku yenyewe

Ba amefunga tangu alfajiri. Hali nafaka wala chumvi ya kawaida. Maji kidogo na matunda tu kwa sababu ya dawa zake, mpaka saa sita usiku.

Asubuhi na mapema tulikwenda Janmasthan, mahali pa kuzaliwa. Simu, mikoba, hata kalamu, vyote vinaachwa nje, na polisi wanakupekua mara kadhaa. Ulinzi huo una sababu. Hekalu na msikiti wa Shahi Idgah zimegusana ukuta. Raja Vir Singh Bundela alijenga hekalu kubwa hapa mwanzoni mwa karne ya 17, Aurangzeb, mfalme wa Kimughali, akalibomoa mwaka 1670 na msikiti ukajengwa. Mwaka 1968 pande mbili ziliandikiana makubaliano, na tangu 2020 kesi za kuyapinga zimo mahakamani. Nilisimama uani nikiona kuba za msikiti kwa jicho moja na bendera za hekalu kwa jingine, na moyo ulinilemea. Sitaandika zaidi ya hapo. Ba aliona uso wangu, akanishika kiwiko, tukaingia.

Chumba chenyewe ni kidogo, dari ya chini, mwanga hafifu, kama selo. Ndivyo kilivyokusudiwa, kwa sababu Krishna alizaliwa gerezani. Kansa, mfalme wa Mathura, aliambiwa na sauti ya mbinguni kwamba mtoto wa nane wa dada yake Devaki ndiye atakayemuua. Akamfunga Devaki na mumewe Vasudeva kwa minyororo, na watoto sita akawaua mmoja mmoja. Wa saba, Balaram, alihamishiwa kimiujiza katika tumbo la Rohini, mke mwingine wa Vasudeva. Wa nane akazaliwa usiku wa manane, mvua inanyesha. Minyororo ikafunguka, walinzi wakalala, milango ikaachama. Vasudeva akamweka mtoto kwenye kikapu, akaingia mto Yamuna uliofurika, joka Shesha akiwakinga kwa vichwa vyake, akavuka mpaka Gokul. Huko Yashoda, mke wa mkuu wa wachungaji Nanda, alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kike, amelala kwa uchovu. Vasudeva akabadilisha watoto. Kansa alipokuja kumbamiza yule wa kike kwenye jiwe, alimponyoka akapaa, akamwambia: atakayekuua amekwisha kuzaliwa.

Msomaji wa kwetu atamfikiria Nabii Musa, kikapu na Firauni, na mimi nilimfikiria. Lakini kuna sehemu mbili za kisa hiki ambazo sijazikuta kwingine.

Ya kwanza ni ya Devaki. Mtoto alipozaliwa alijionyesha kwanza kama Vishnu, Mungu ambaye Krishna ni umbo lake la duniani, mikono minne, ameshika kome, gurudumu, rungu na yungiyungi. Devaki akaogopa kwamba Kansa atamtambua, akamsihi aufiche utukufu huo, awe mtoto wa kawaida. Akamtii. Ba anasema tendo la kwanza la Krishna duniani lilikuwa kusikiliza hofu ya mama.

Ya pili ni ya Vasudeva. Walimu wengi hufundisha kwamba gereza ni moyo wa mwanadamu, Kansa ni hofu na ubinafsi, na Mungu akizaliwa ndani, minyororo inakatika. Ni mafundisho mazuri, na leo nimeyasikia kwa vipaza sauti tangu asubuhi. Ila Vasudeva, minyororo ilipomtoka, milango ikiwa wazi, mji mzima umelala, hakukimbia. Alimfikisha mtoto mahali pa salama, akarudi gerezani kwa miguu yake, akajivisha pingu, milango ikajifunga nyuma yake. Uhuru ule hakuutumia kwa nafsi yake hata kidogo. Nimekaa na jambo hili siku nzima. Kama sikukuu hii inasema kitu juu ya roho ya mwanadamu, nadhani kinasemwa hapo kuliko mahali pengine pote.

Mchana nilimwuliza Ba kuhusu yale maneno ya Bhagavad Gita, kitabu chao kitakatifu, yanayotajwa sana siku hizi, Krishna anaposema kwamba kila haki inapofifia na uovu kupanda, yeye hujidhihirisha ili awalinde wema na kuwaangamiza waovu. Je, si ndiyo sababu ya kuzaliwa kwake?

"Kumuua Kansa angeweza akiwa huko huko aliko," Ba akasema. "Kwa kuua tu angezaliwa ya nini? Alikuja kulelewa."

Usiku tulibaki dharamshala. Watu walikuwa wengi mno Janmasthan, na Banke Bihari tuliiogopa zaidi, kwa kuwa Agosti 2022 watu wawili walifariki kwa msongamano katika ibada ile ya alfajiri ya Janmashtami. Mahujaji wa ghorofa yetu walikusanyika ukumbini, televisheni ikionyesha moja kwa moja kutoka hekaluni. Walitengeneza bembea ndogo iliyopambwa maua ya manjano, na Ba akamlaza Lalji wake humo pamoja na wa wengine wawili, kila mmoja na nguo yake. Ile ya fundi ilikaa sawasawa.

Jikoni wanawake walikuwa wanakaanga panjiri: giligilani ya kusaga, samli, sukari, nazi kavu na lozi. Huku kaskazini panjiri hupewa mwanamke aliyejifungua arudishe nguvu, kama sisi tunavyompa mzazi uji wa pilipili manga. Kwa hiyo chakula cha sikukuu hii ni chakula cha mzazi, na wageni wote wanakula kana kwamba uzazi umetokea kwao. Ba, kabla chochote hakijapelekwa mbele ya bembea, alinitengea sahani yangu pembeni, ndizi na panjiri. Anajua kwamba sili kilichokwisha kutolewa sadaka kwa sanamu, na amekuwa akinitengea hivyo kila Diwali tangu nikiwa mtoto, bila kusema neno.

Ilipokaribia saa sita mama mmoja wa jimbo hili la Uttar Pradesh alileta tango lenye kikonyo chake. Lilikuwa limefungwa kitambaa chekundu. Wimbo ukapungua. Akalishika kwa mkono wa kushoto, akachukua sarafu, na saa ilipotimia akakata kile kikonyo kwa ukingo wa sarafu, taratibu, kwa kusugua mara tatu nne mpaka kikaachia. Kitovu kimekatwa. Kwetu pwani, ambako mtu akiulizwa kwao anataja kilipozikwa kitovu chake, hakuna haja ya kufasiriwa.

Ukumbi mzima ukainuka. Kome zikapulizwa, kengele zikalia, kila mtu akipaza "Jai Kanhaiya Lal ki!", yaani ushindi kwa Krishna mchanga, na kutoka mjini, upande wa Janmasthan, sauti kama hiyo ikaja juu ya mapaa, kubwa kuliko mvua. Ba alilia. Nilisimama pamoja nao kwa heshima ya wenyeji wangu, na akili yangu ikaenda Tanga, kwenye Maulidi ya Barzanji, pale msomaji anapofika kwenye kuzaliwa kwa Mtume (S.A.W.) na sote tunainuka kwa kiyamu. Imani ni mbili, na tofauti kati ya mja aliyezaliwa na Mungu kuzaliwa ni kubwa. Siifichi wala siipunguzi. Ila kuinuka kule nakujua. Mtu hainukii habari ya zamani. Anainuka kwa sababu anayengojewa ameingia.

Wakaanza kuosha vile vishaba kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, kisha kwa maji, kisha wakavifuta kwa kitambaa laini, kwapani, nyuma ya masikio. Ba alifungua saumu yake kwa kijiko cha mchanganyiko huo na jani la tulsi, mrihani wao mtakatifu. Kisha kila mmoja akashika kamba ya bembea kwa zamu, akavuta mara kadhaa, akampisha mwenzake. Kwa dirisha la ngazi, mawingu yalipopasuka kidogo, niliona mwezi nusu umetoka. Siku ya nane ya giza mwezi huchomoza karibu na usiku wa manane, na Krishna anahesabiwa kuwa wa ukoo wa mwezi.

Jumapili, 17 Agosti: Gokul na Mahavan

Tumevuka Yamuna kwa daraja, kuelekea kule alikopelekwa mtoto. Leo ni Nandotsav, sherehe ya Nanda, na inapendeza kuliko hata ya jana. Jana ilikuwa ya gerezani. Leo ni ya kijiji kinachoamka na kusikia kwamba kwa mkuu wao amezaliwa mtoto wa kiume, na wote wanakwenda kumpa hongera. Wahudumu wa hekalu walikuwa na mapipa ya mtindi uliochanganywa na manjano, wakaumwaga na kuurusha juu ya watu. Wengine wakatupa peremende, sarafu, vinyago vya mbao. Sari nyeupe ya Ba imekuwa ya manjano mpaka mabegani na amekataa kuifua.

Kuna jambo zito ndani ya furaha hii. Nanda si baba wa damu. Hajui kwamba mtoto aliyelala kwake ameletwa usiku. Wala mtoto hamwambii. Na dini yote ya Pushtimarg imejengwa juu ya Nanda na Yashoda, si juu ya waliomzaa. Huko Gokul kwenye ngazi za Thakurani Ghat ndiko Vallabhacharya alikopokea, kwa imani yao, agizo la kuwafungulia watu njia hii ya kujitoa.

Mahavan, mwendo mfupi kutoka hapo, kuna Brahmand Ghat. Wenzake walimshitaki Krishna kwa Yashoda kwamba amekula udongo. Yashoda akamwambia afungue kinywa. Ndani akaona mbingu, nyota, milima, bahari, akajiona na yeye mwenyewe amesimama na mtoto. Akashikwa na hofu ya utukufu ule. Na mara Krishna akamsahaulisha, akamrudishia tu upendo wa mama, naye akampakata. Mahali hapo wanauza vidonge vya udongo wa mto vilivyofinyangwa kama peda. Ba alinunua kimoja, akakinusa, akakifunga kwenye pindo la sari.

Yupo pia Yashoda na kamba. Alitaka kumfunga mtoto mtundu kwenye kinu, na kila kamba aliyoleta ilipungua vidole viwili. Akaunganisha nyingine, ikapungua vidole viwili. Alipochoka kabisa, jasho linamtiririka na maua yamemdondoka nywelani, mtoto akakubali kufungwa. Wafasiri wanasema kidole kimoja ni juhudi ya mwanadamu, cha pili ni huruma ya Mungu, na pengo halizibwi mpaka vyote viwili vikutane. Na yupo Putana, jini aliyetumwa na Kansa kumnyonyesha Krishna titi lenye sumu. Krishna alimnyonya na uhai wake. Lakini inasemwa alimpa daraja ya mama huko aliko, kwa kuwa hata kwa hila alikuwa amemweka mtoto kifuani. Hicho kisa kimenishinda nguvu. Mwalimu wa tafsiri ya kawaida angeishia kwenye adhabu.

Kabla ya kurudi nilimwomba dereva atupitishe kwenye kaburi la Raskhan, baina ya Gokul na Mahavan. Alikuwa Mpathani, mtu wa asili ya Kiafghani, Mwislamu kwa kuzaliwa, mshairi wa karne ya 16 aliyeishi kwa kumwimbia Krishna. Katika beti zake maarufu anataka kwamba akizaliwa tena kama mtu awe mchungaji wa Gokul, akirudi kama jiwe awe jiwe la mlima Govardhan. Mahujaji walikuwa wanaingia na kutoka, manjano usoni. Nilisoma Fatiha. Ba alikaa kwenye ngazi akanisubiri mpaka nilipomaliza.

Jumatatu, 18 Agosti: Mathura

Asubuhi nimemkuta Ba anamvua Lalji nguo ya sherehe na kumvika ya pamba ya kila siku, anazungumza naye kwa Kigujarati. Nikamwuliza, katika siku hizi zote, mahali pote tulipopita, ameomba nini.

"Sijaomba kitu," akasema.

"Hata goti?"

"Goti nitampelekea daktari Delhi. Huyu nimemvisha, nimemlisha, nimembembeza. Basi."

Kisha akaniambia la pili. Hataki kuondoka. Radhashtami, siku ya kuzaliwa Radha, ni tarehe 31 Agosti, na inasherehekewa Barsana, kijiji cha Radha, magharibi ya hapa. Anataka ampeleke Lalji huko. Hekalu liko juu ya kilima na ngazi zake ni zaidi ya 200, lakini tangu mwaka jana kuna gari la waya linalopandisha wazee, na mke wa fundi ameshamwambia bei yake. Dharamshala wanasema chumba kipo. Nimepiga simu kuulizia kubadilisha tiketi zote mbili.